Mshiko Kwanza, Rangi Baadaye: Hotuba Kuhusu Kufufua Jiliwa Kuukuu

Hii ni hotuba nzima iliyotolewa mbele ya mafundi, walimu wa karakana na wanafunzi wa ufundi wa chuma. Tumeiweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Ndugu mafundi, walimu wetu wa karakana, vijana mliokuja na ovaroli zenu, dada zetu mlioingia kwenye fani hii ya chuma: hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie jiliwa, kile kibanio cha mezani kinachoshika kazi kwa taya mbili na skrubu. Jiliwa kuukuu lililopasuka, lililoganda kwa kutu, lililotupwa nyuma ya karakana pamoja na rimu na mabati mabovu. Swali mlilonipa ni moja: lifufuliwe, au lipelekwe kwa wauza chuma chakavu likapimwe kwa kilo?

Jibu langu nalitoa mapema. Mengi yanafufulika. Tena jiliwa la zamani likifufuliwa vizuri, litashika kazi kuliko jipya la bei ya chini, kwa sababu lina chuma kingi zaidi mwilini na skrubu nene zaidi. Lakini kuna mpangilio. Mshiko kwanza, rangi baadaye. Nitalirudia neno hili mpaka mlichoke: mshiko kwanza, rangi baadaye. Nimeona majiliwa mengi yaliyopakwa rangi ikang'aa, na ndani yake kuna ufa uliozibwa kwa pati na nati iliyolika. Hilo halijafufuliwa. Limevalishwa tu.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Majiliwa mengi ya zamani yaliyomo kwenye karakana zetu za reli, shule za ufundi na gereji yalitoka Uingereza. Kuna Record, lililotengenezwa Sheffield na C. & J. Hampton, kampuni iliyoanza mwaka 1898. Lile la namba 3 lina taya la inchi 4, la namba 5 lina inchi 5, la namba 6 lina inchi 6. Kuna Parkinson, la mji wa Shipley huko Yorkshire, lenye kifyatulio cha kuachia nati ili taya liteleze bila kuzungusha skrubu. Na wachache wenu mtakutana na Wilton la Marekani, ambalo nitalirudia kwa sababu lina somo lake. Mengi kati ya haya mwili wake ni wa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Shikeni hapo, kwa sababu karibu kila kosa la ufufuaji linatokana na kusahau kwamba hiki ni chuma cha kusubu, si chuma cha nondo.

Sasa niwaulize: ni nini hulivunja jiliwa?

Kisa chake mnakijua, kipo kila mtaa wa mafundi, kuanzia Gerezani ya Dar es Salaam mpaka Kamukunji ya Nairobi. Kijana ameshika shafti. Inateleza. Anakaza kwa mkono, bado inateleza. Anaangaza huku na huku, anaona kipande cha paipu, anakichomeka kwenye mkono wa jiliwa, ananing'inia. Shafti inatulia. Anafurahi. Na siku ya tatu au ya nne taya la mbele linaanguka sakafuni.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme skrubu inasogea milimita 6 kwa kila mzunguko, na mkono una urefu wa milimita 200 kutoka katikati ya skrubu. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo 20, ncha ya mkono inazunguka milimita 1,257 huku taya likisogea 6 tu. Nguvu inazidishwa mara 209. Hiyo ni zaidi ya tani 4. Msuguano wa meno hula kama robo tatu yake, ikabaki tani moja hivi kwenye taya. Tani moja! Kwa kazi ya tupa na msumeno, inatosha na kusaza. Sasa weka paipu ya mita moja. Umezidisha mara tano. Tani tano kwenye shingo ya chuma cha kusubu, chuma ambacho hakijui kupinda. Kitavumilia, kitavumilia, halafu kitakatika bila kukuonya.

Ndiyo maana mkono wa jiliwa ulitengenezwa mwembamba na mfupi. Umewekwa pale uwe wa kwanza kupinda ukizidisha. Ukikuta jiliwa lina mkono uliopinda, ushukuru ule mkono. Ukikuta limewekewa nondo nene ndefu badala ya mkono wake, anza kutafuta ufa.

Na mahali ufa ulipo panakuambia chanzo. Ufa kwenye shingo nyuma ya taya la mbele ni paipu. Ufa kwenye masikio ya msingi, pale boliti zinapopita, maana yake lilikazwa juu ya meza isiyo sawa, au boliti moja ililegea likawa linacheza. Pembe moja ya taya ikimeguka, mtu alikuwa anabana kazi upande mmoja bila kuweka kipande cha unene ule ule upande wa pili. Na migongo yenye vishimo vya nyundo ni jiliwa lililogeuzwa fuawe. Chanzo kisipojulikana, utarekebisha leo na kitarudi kesho kutwa. Kwa hiyo kabla ya spana, tumieni macho.

Mkishaona, mlifungue. Na hapa naomba utulivu, hasa kwa vijana. Unapozungusha skrubu mpaka itoke kwenye nati, taya la mbele na mkono wake wa kuteleza vinatoka kwa mkupuo. Weka gogo au kreti chini yake kabla. Watu wamevunjika vidole vya miguu kwa jambo hili. Likitoka, angalia nyuma ya taya la mbele: pale pana kotapini (ile pini inayokunjwa ncha), washa, na mara nyingi springi. Chomoa kotapini, skrubu itatoka kwa mbele. Kotapini ya zamani usiirudishe, weka mpya. Nati huwa imekaa ndani ya mwili, na namna ilivyoshikwa hutofautiana, kwa hiyo chungulia kwa tochi kabla ya kugonga chochote.

Kinachotesa watu zaidi ni skrubu ndogo zinazoshika mabamba ya taya, vile vipande vigumu vinavyogusa kazi. Zimekaa miaka hamsini, vichwa vimejaa vumbi la chuma lililoshikamana na kutu. Safisha mfereji wa kichwa kwa msumari uliochongwa mpaka uone chuma cheupe. Tia mafuta ya kupenya. Kama huna ya dukani, changanya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, na utikise kila unapotumia kwa sababu hujitenga. Acha usiku kucha. Asubuhi futa yote yakauke, na chupa ya asetoni ipeleke mbali kabisa, ndipo uwashe moto. Pasha mwili wa taya, usipashe skrubu. Chuma kikiwa na joto la kutosha kuyeyusha nta, gusisha mshumaa kwenye ukingo wa kichwa. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya meno. Kisha tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ile inayozunguka inapopigwa. Bisibisi ya kawaida itakula kichwa, na kichwa kikiliwa umejiongezea nusu siku.

Kichwa kikishaliwa, je? Usihangaike nacho. Kipige panchi katikati, kitoboe kwa keekee inayozidi kidogo unene wa shina la skrubu, kichwa kitabanduka. Bamba litatoka, na kisiki kitakachobaki kimechomoza unaweza kukishika kwa plaizi ya kujifunga. Bamba lenyewe ni gumu, keekee itapiga kelele ikiligusa. Skrubu ni laini. Baki kwenye skrubu.

Hapa nataka niwape kisa cha kweli, kwa sababu kinaeleza kwa nini skrubu za dukani zinakataa kuingia. Mwaka 1841 Mwingereza aitwaye Joseph Whitworth alipendekeza meno ya boliti yawe ya aina moja kwa karakana zote. Kabla ya hapo kila karakana ilikata meno yake, na boliti ya huku haikuingia nati ya kule. Meno yake yana pembe ya nyuzi 55. Meno ya milimita tunayouziwa leo yana nyuzi 60. Majiliwa ya Uingereza ya zamani yalikatwa kwa Whitworth. Sasa fundi anaona tundu la inchi 5 kwa 16, anapima skrubu ya zamani kwa kipimo cha vernia anapata karibu milimita 8, anachukua skrubu ya M8, yaani ya milimita 8. Inaingia mizunguko miwili, inakaza. Anaongeza nguvu. Anadhani ni kutu. Si kutu! M8 inasogea milimita 1.25 kwa mzunguko, ile ya Whitworth inasogea milimita 1.41. Zinagombana, na anayeumia ni chuma cha kusubu, kwa sababu meno yake humeguka.

Mnatakiwa kufanya nini? Mkipata skrubu za Whitworth, wekeni hizo. Mkizikosa, kateni upya. Tundu la robo inchi litobolewe kwa keekee ya milimita 6.8, likatwe kwa tepu ya M8, kile kifaa cha kukata meno ndani ya tundu. Tundu la inchi 5 kwa 16 litobolewe kwa milimita 8.5, likatwe kwa tepu ya M10. Tundu la kichwa kwenye bamba nalo lipanuliwe, na kichwa kizame milimita moja chini ya uso, kisije kikagusa kazi.

Tuje kwenye kutu. Sitakaa sana hapa, ila njia moja nataka muijue vizuri kwa sababu ni rahisi na dawa yake inatoka kwetu. Tunatumia umeme wa betri ndani ya maji ya soda. Soda hiyo ni sodiamu kaboneti, ile ile inayochimbwa na kusafishwa Ziwa Magadi, Kenya, ambako kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911. Chukua ndoo kubwa au pipa la plastiki, tia kijiko kimoja cha chakula cha soda kwa kila lita 4 za maji. Ning'iniza kipande cha jiliwa katikati, na pembeni simamisha nondo au mabati ya chuma yasiyogusa kipande. Waya hasi wa chaja ya volti 12 ufungwe kwenye jiliwa. Waya chanya ufungwe kwenye nondo. Ukikosea ukageuza, utalila jiliwa badala ya kutu. Hakikisheni mara mbili. Washa, utaona mapovu. Saa 12 hadi 24 zinatosha, na uwe unageuza kipande, kwa sababu umeme husafisha zaidi upande unaotazamana na nondo.

Makatazo ni machache lakini yana uzito. Usitumie chumvi ya mezani, hutoa gesi ya klorini. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maji yatakuwa na kromiamu yenye sumu. Usifanye ndani ya chumba kilichofungwa, mapovu yale ni haidrojeni na hushika moto. Zima kabla ya kutia mkono. Na chaja za kisasa nyingi hazitoi umeme mpaka zihisi betri, kwa hiyo tafuta ile ya zamani nzito.

Walio karibu na viwanda vya sukari wanaweza kutumia molasi ya kulishia ng'ombe: sehemu 1 kwa maji sehemu 9, wiki 1 hadi 3. Inafanya kazi vizuri, inanuka vibaya. Kagua kila baada ya siku chache, usilisahau mle, kwa sababu chuma cha kusubu kikizidishiwa muda huanza kuliwa usoni. Kwa njia yoyote ile, kipande kikitoka kisuguliwe, kioshwe, kikaushwe kwa joto na kipakwe mafuta saa hiyo hiyo. Ukikiacha uende kunywa chai, utakikuta kina rangi ya chungwa.

Sasa ndugu zangu tumefika kwenye jambo zito. Ufa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa chuma cha kusubu naongeza: ukiuziba vibaya, utatengeneza ufa wa pili pembeni ya ule wa kwanza. Mmewahi kusikia mlio wa "ti!" karakana ikiwa kimya? Fundi amechomelea taya mchana kwa elektrodi ya kawaida ya chuma laini. Mshono unapendeza, umesuguliwa, umenyooka. Amerudi kukaa. "Ti!" Ufa umetokea, tena haukupita kwenye mshono. Umepita milimita mbili pembeni yake. Anachomelea tena. "Ti!" Anaona kama jiliwa lina laana.

Halina laana. Chuma cha kusubu kina kaboni asilimia 2 hadi 4, na nyingi imekaa kama chembechembe za grafiti. Moto wa elektrodi unayeyusha sehemu ndogo sana wakati mwili mzima umepoa. Ule ukanda wa pembeni unapoa ghafla, kaboni inaungana na chuma kuwa kitu kigumu kinachokatika kama kigae. Kisha mshono unaposinyaa unavuta. Kitu kigumu kisichopinda kikivutwa, kinapasuka. Hayo tu.

Kwa hiyo kwanza ujue urefu wa ufa. Safisha pale mpaka chuma kionekane, paka mafuta ya taa, subiri dakika 15, futa yakauke, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyofichwa ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Mara nyingi mstari ni mrefu kuliko ulivyodhani. Pia ning'iniza kipande kwa kamba ukigonge taratibu kwa nyundo ndogo: kizima hulia kwa muda, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ukishaujua mwisho wa ufa, toboa tundu la milimita 3 pale pale unapoishia, kwa pande zote zinazoishia ndani ya chuma. Tundu hilo huuzuia usiendelee.

Kisha mjue chuma mnachoshika. Kigusisheni kwenye grainda: cha kusubu hutoa cheche fupi za wekundu hafifu, cha feleji hutoa cheche ndefu za manjano zenye matawi. Kama ni feleji iliyofuliwa, kama Heuer la Ujerumani, chomelea kwa kawaida na maisha yaendelee. Kama ni cha kusubu, mna njia mbili za kuaminika.

Ya kwanza, na ndiyo ninayoipendekeza kwa taya au shingo iliyokatika, ni kulehemu kwa shaba kwa moto wa gesi. Chuma chenyewe hakiyeyuki, kinafika wekundu tu, kama nyuzi 900, na shaba inalowanisha na kushika. Chonga kingo za ufa ziwe na umbo la V, ila umalizie kwa tupa, kwa sababu jiwe la grainda hupaka grafiti juu ya uso na shaba hukataa kushika. Jambo la pili, chuma hiki kimekunywa oili kwa miaka mingi. Kipashe kwanza mpaka moshi wote uishe, kisha ukisugue tena. Wakiruka hatua hii, shaba inakimbia kama maji juu ya jani la mgomba, na mafundi wanalaumu tinkali, ile dawa ya kulehemia. Funga vipande kwenye fremu ya chuma ili taya lisitoke limepinda, pasha kipande kizima juu ya makaa, tia tinkali, ndipo ulehemu. Ukimaliza kifukie ndani ya majivu makavu au chokaa mpaka kesho yake. Si mpaka jioni. Mpaka kesho yake.

Ya pili ni elektrodi za nikeli, zile zenye nikeli karibu 99 au 55 kwa mia. Ni ghali, lakini nikeli ni laini na inakubali kuvutwa. Pasha kipande mpaka nyuzi 250 au 300. Choma mshono mfupi, milimita 25, usizidi. Simama. Uugonge mshono ungali wa moto kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, gonga nyepesi nyingi, ili usisinyae kwa kuvuta. Subiri, kisha hamia sehemu nyingine ya ufa, usiendeleze pale pale. Halafu majivu, kama nilivyosema.

Majiliwa mengine ya zamani ni ya chuma cha kusubu kilicholainishwa baadaye kiwandani kwa joto la siku nyingi. Ukikiyeyusha unakirudisha kwenye ugumu wake wa mwanzo. Hivyo ni shaba tu.

Na lipi lisirekebishwe? Nitasema wazi kwa sababu kuna vidole vya watu hapa. Mwili wa nyuma ukiwa umevunjika vipande vitatu, au mahali nati inapokaa pamemeguka na kipande hakipo, usilifufue. Toa skrubu, nati, mabamba na mkono, vihifadhi. Vitaokoa jiliwa lingine. Na hata lile lililolehemiwa vizuri, liandikwe ubavuni: kazi ya tupa na msumeno tu, hakuna kugonga, hakuna paipu.

Tuendelee na skrubu. Shika mkono, zungusha huku na huku bila taya kusogea. Uchezaji wa robo mzunguko ni wa kawaida. Ukipita nusu mzunguko, kitu kimelika. Ni skrubu au nati? Mara nyingi ni nati, kwa sababu meno yake machache hufanya kazi muda wote, wakati skrubu ni ndefu. Angalia skrubu: ile sehemu inayotumika jiliwa likiwa wazi milimita 20 hadi 80 ndiyo huwa nyembamba. Linganisha kwa jicho na meno ya mwisho ambayo hayaguswi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Kama meno ni ya mraba au yenye mteremko sawa pande zote mbili, nati hulika upande mmoja tu wa meno, ule unaovuta. Upande wa pili ni mpya kabisa! Kama umbo la nati linaruhusu, igeuze, mbele iwe nyuma. Upande ambao haujawahi kubeba mzigo sasa ndio utakaobeba. Hukutumia hata shilingi. Lakini kwa majiliwa ya kifyatulio, kama Parkinson, kagueni kwanza: mengi ya aina hiyo yana meno yaliyolala upande mmoja kama ya msumeno, na hayo hayageuzwi. Hapo mpelekeeni fundi wa lethi akereze nati mpya ya shaba nyeusi au ya chuma cha kusubu. Mpeni skrubu yenyewe, msimpe vipimo vya kuandika kwenye karatasi.

Skrubu iliyopinda huonekana hivi: mkono unakaza mahali pamoja katika kila mzunguko. Ivingirishe juu ya kioo, utaona mwanga ukipita chini yake. Inanyooshwa kwa presi, ikiwa imelala juu ya vipande viwili vya V, kidogo kidogo. Nyundo hapa hapana.

Na ni nini hulisha meno haya? Unga wa chuma uliochanganyika na grisi. Grisi nyingi isiyofunikwa hunasa kila chembe ya tupa, ikawa dawa ya kusagia. Hapa ndipo narudi kwa Wilton. Kampuni hiyo ilianzishwa Chicago mwaka 1941 na Hugh Vogl, mhamiaji kutoka Czechoslovakia, na jiliwa lake lenye umbo la risasi ya bunduki lilizifungia skrubu na nati ndani ya mwili, uchafu usipate njia. Yapo ya miaka ya 1940 na 1950 ambayo skrubu yake bado ni nzuri. Sisi wenye Record iliyo wazi hatuwezi kuibadili, lakini tunaweza kuosha skrubu kwa dizeli kila baada ya miezi michache, kupaka grisi nyembamba, na kwenye mkono wa kuteleza kupaka oili nyepesi tu, grisi hapana.

Mabamba ya taya. Yakiwa laini kwa kulika, tengenezeni mapya kwa springi ya gari. Ipashe mpaka sumaku isishike, ongeza joto kidogo, uifukie kwenye majivu usiku kucha ilainike. Inyoshe, ikate kwa kipimo cha taya, ichonge iwe bapa, toboa matundu, kisha kata mistari ya mshazari kila milimita 2 kwa tupa ya pembe tatu. Ndipo urudishe ugumu: pasha tena mpaka sumaku isishike, zamisha ndani ya oili. Usizamishe ndani ya maji, springi hupasuka. Isugue ing'ae, ipashe taratibu mpaka itoke rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, kama nyuzi 270, uiache ipoe. Tupa iikate kwa shida. Ikikata kirahisi, rudia.

Ukiyafunga, kaza taya tupu na uangalie mwanga. Taya zuri hugusana juu kwanza, kwa wembamba wa unywele, kisha hulala sawa likikazwa. Likigusana chini kwanza, kazi itaruka juu. Weka vipande vya bati la kopo la soda nyuma ya bamba, sehemu ya juu, ili juu pasukumwe mbele. Bati hilo lina unene wa kama milimita 0.1. Ongeza kimoja kimoja, jaribu, ongeza.

Sasa rangi. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, yale madini yenye sumu, kwa hiyo msiisugue ikiwa kavu wala kuichoma. Itolewe kwa dawa ya kuondolea rangi au msasa wa maji. Praima mara moja, rangi ya mafuta mara mbili. Msipake skrubu, mkono wa kuteleza, wala mahali bamba linapokaa. Basi.

La mwisho ni kulifunga mezani, kwa sababu majiliwa yanavunjika hapa kuliko mnavyofikiri. Juu ya taya pawe usawa wa kiwiko cha anayefanya kazi. Taya lisilosogea litokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili fito ndefu iweze kusimama wima bila kugonga ubao. Lisimame juu ya mguu wa meza, si katikati ya ubao unaonesa. Boliti za M12 zipite mpaka chini, na washa pana. Kabla ya kukaza, sukuma msingi kwa kidole. Ukicheza, tafuta pengo liko chini ya sikio gani na ulijaze kwa kipande cha bati mpaka litulie lenyewe. Kisha kaza kwa mpigo wa msalaba, kidogo kidogo. Baada ya wiki ya kazi, rudi na spana ukaze tena, kwa sababu mbao husinyaa.

Maswali nayapokea sasa. Mwenye jiliwa lililopasuka masikio aanze yeye, kwa sababu hayo ndiyo mengi niliyoyaona mlangoni.